Barua ya wazi: Mbeya maji huchemka kwa nyuzi 94, tafiti zetu bado zinasema 100

Kwa:
Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe;
Wakuu wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vinavyohudumia Nyanda za Juu Kusini;
Wizara zinazosimamia elimu ya juu, kilimo na viwanda.

YAH: UTAFITI WA USINDIKAJI WA CHAKULA URUDIWE HUKU KABLA YA KUITWA UMEKAMILIKA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Ombi letu ni moja, na tunalitaja mwanzoni ili atakayeishia aya hii asitoke mikono mitupu. Utafiti wowote wa usindikaji unaolipiwa na fedha za umma, na unaokusudiwa kutumiwa na wasindikaji wa mikoa yetu, usihesabiwe umekwisha mpaka urudiwe hapa: kwa mwinuko wa hapa, kwa sufuria za ukubwa wa hapa, kwa kuni za hapa na kwa chupa zinazouzwa hapa. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu, pamoja na hesabu zake.

Hatuombi kitu kipya. Wenzetu wa mbegu wanakifanya miaka yote. Mbegu ya mahindi kama UH6303 haikutoka kituo cha utafiti cha Uyole moja kwa moja kwenda kwa mkulima. Sheria inataka aina mpya ipandwe katika maeneo kadhaa yenye hali ya hewa tofauti, matokeo yalinganishwe, ndipo iidhinishwe. Hakuna mtafiti wa mbegu atakayethubutu kusema aina iliyofanya vizuri Kyela itafanya vizuri Makete kwa sababu tu zote ziko kusini. Lakini kanuni ya kutengeneza jamu, sosi ya nyanya au maharage ya chupa huandikwa mara moja, mahali pamoja, kisha ikachapwa kwenye kijitabu na kugawiwa kutoka pwani hadi Kitulo. Kana kwamba nyanya inajali hali ya hewa ikiwa shambani tu, na ikifika jikoni haijali tena!

Tuanze na maji.

Kadiri unavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka mapema. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 300 za mwinuko zinapunguza takribani nyuzi 1. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Morogoro mjini, kwenye mita 500 hivi, ni karibu 98. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ni kama Morogoro. Ukipanda Tukuyu au Iringa mjini unapata 95 kasoro kidogo. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, ni 94. Njombe, kwenye mita 1,950 hivi, ni 93 na nusu. Ongeza moto utakavyo, sufuria iliyo wazi haitavuka hapo. Utamaliza kuni tu.

Sasa chukua kijitabu cha jamu. Karibu vyote vinasema: pika mpaka kipimajoto kisome nyuzi 104 au 105, hapo jamu imeiva. Namba hiyo ni sahihi usawa wa bahari, kwa sababu jamu yenye sukari ya Brix 65 hadi 68 (yaani gramu 65 hadi 68 za sukari katika kila gramu 100) huchemka nyuzi 4 au 5 juu ya maji matupu. Siri iko katika hizo nyuzi 4 au 5 za nyongeza. Kwa Njombe, jamu imeiva ikifika 98. Msindikaji wa plamu anayengoja 104 kwa uaminifu anaendelea kukausha maji mpaka sukari inapita 75 na kukaribia 80. Rangi inageuka kahawia, harufu ya tunda inakwisha, na baada ya wiki kadhaa sukari inaganda punje punje ndani ya chupa. Huambiwa hakufuata maelekezo. Kosa lake ni kuyafuata.

Dawa yake haihitaji bajeti. Asubuhi ya siku ya kupika, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto kile kile utakachotumia kwenye jamu, soma namba, ongeza 4 na nusu. Hiyo ndiyo namba yako ya siku hiyo, na imesahihisha hata ubovu wa kipimajoto chenyewe. Mwenye rifraktomita ya mkononi, kifaa kinachosoma Brix kwa tone moja, yuko salama zaidi, ila asiweke tone la moto juu ya kioo: vingi vya vifaa hivi vimesawazishwa kwa nyuzi 20, na tone la moto husoma pungufu. Achote kijiko, akipooze kwenye kisahani, ndipo apime. Mistari hii minne ingeingia kwenye kila kijitabu cha jamu nchini. Hatujaiona kwenye vile vinavyogawiwa huku.

Jamu ikiharibika ni hasara ya mfuko. Nyanya za chupa zikikosewa ni suala la afya, na hapa tunaomba msome polepole.

Nyanya ziko mpakani. Nyingi zina pH (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi imepungua) kati ya 4.2 na 4.6, lakini zilizoiva kupita kiasi, na baadhi ya aina, huvuka 4.6. Juu ya mstari huo bakteria wa sumu ya botulizimu anaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa, pasipo hewa, na mara nyingine bila harufu wala povu la kumwonya mlaji. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutia asidi: kwa kila chupa ya nusu lita, robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki ya unga. Ndimu za sokoni hazifai kuwa kipimo, kwa kuwa ukali wake hautabiriki. Kanuni ya pili ni muda wa kuchemsha chupa zikiwa zimezama ndani ya maji. Nyanya zilizopondwa, kwenye chupa za nusu lita, zinahitaji dakika 35 usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Mbeya mjini zinahitaji 45. Kwa Njombe ni 50. Kijitabu kinachosema 35 bila kutaja mwinuko kimeandikiwa mtu wa Bagamoyo.

Maharage, mahindi mabichi na nyama hayana asidi ya kutosha kabisa, kwa hiyo huhitaji mvuke wenye mgandamizo, na lengo ni nyuzi 121. Mshale wa jiko la mgandamizo unaposoma paundi 15 kwa inchi ya mraba, usawa wa bahari ndani kuna nyuzi 121 kweli. Mbeya, mshale ule ule ukisoma 15, ndani kuna takribani 118, kwa sababu mshale unapima tofauti tu kati ya ndani na nje, na hewa ya nje huku ni nyepesi. Nyuzi 3 zinaonekana chache. Lakini kwa vimelea hawa, nyuzi 10 pungufu humaanisha muda wa kuwaua unaongezeka mara 10, na nyuzi 3 pungufu humaanisha muda unaongezeka mara 2. Anayepika dakika zilizoandikwa kwa ajili ya pwani amefanya nusu ya kazi. Kwa maoni yetu, mpaka majiko hayo yapimwe huku moja moja kwa kipimajoto kilichowekwa katikati ya chupa, chuo chochote kisimfundishe mjasiriamali mdogo kuweka maharage kwenye chupa. Afundishwe kukausha.

Si kila kitu kinabadilika, na ni haki kusema hivyo. Maziwa yanayopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, yanabaki hivyo hivyo Kyela na Makete, maana hayafiki kuchemka. Mtindi nao hautaki mwinuko bali joto la kati ya nyuzi 42 na 45 kwa saa kadhaa, na hapo adui ni baridi ya usiku wa Julai. Sanduku lenye maranda makavu kuzunguka ndoo linatosha.

Baridi hiyo hiyo ina kazi nyingine. Sosi ya nyanya kwa kawaida hujazwa ikiwa ya moto, chupa inafungwa, inalazwa kichwa chini dakika chache ili joto liue vilivyo kwenye kifuniko. Maelekezo husema ijazwe kwa nyuzi 85 au zaidi. Fanya hesabu ya asubuhi ya Makete: chupa ya kioo ya gramu 200, imelala ghalani kwenye nyuzi 8, inajazwa gramu 250 za sosi yenye nyuzi 88. Kioo kinakunywa joto, na sosi inatulia kwenye nyuzi 76 hivi. Msindikaji alipima sufuria, akaridhika, chupa haikupimwa. Baada ya wiki 3 vifuniko vinavimba, na wa kwanza kulaumiwa ni muuza vifuniko. Chupa ile ile ikitolewa kwenye maji ya nyuzi 65 kabla ya kujazwa, sosi inabaki kwenye 84 na nusu, na chupa nazo hazipasuki. Kwa sababu sufuria hapa haiwezi kupanda sana juu ya 94, hatuna nafasi ya kupoteza nyuzi 12 kwa kioo baridi. Pwani wanayo nafasi hiyo kidogo, ndiyo maana kosa hili halionekani maabara ya huko.

Tumesema maabara. Maabara nyingi hupika lita 1 juu ya jiko la umeme. Lita 1 inapungua kuwa rojo zito ndani ya dakika 30 na inabaki nyekundu. Lita 100 kwenye sufuria ya kina kirefu, juu ya kuni, huchukua saa nyingi. Chini inashika, katikati inakuwa kahawia. Huwezi kuzidisha namba za lita 1 mara 100. Sufuria inapokuwa kubwa, uso wa kutolea mvuke hauongezeki kwa kasi ya ujazo. Kwa kazi hii sinia pana la chuma kisichoshika kutu, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, linafaa kuliko sufuria ya mchemsho wa harusi.

Na kuni je? Chukua kilo 100 za rojo la nyanya la Ilula lenye Brix 5, lililokwisha kuchujwa maganda na mbegu. Ukitaka nyanya nzito ya Brix 30 utapata kilo 17 kasoro. Kilo 83 zilizobaki ni maji yanayopaswa kwenda hewani. Kupasha rojo na kufukuza maji hayo kunahitaji nishati ya takribani megajuli 215. Kuni kavu zina megajuli 15 kwa kilo, na mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria asilimia 15 hivi tu ya hizo. Jawabu ni kilo 96 za kuni kwa kilo 17 za bidhaa, karibu kilo 6 za kuni kwa kila kilo 1. Jiko lililozibwa vizuri, lenye bomba la moshi na linalofikisha asilimia 30, linateremsha hadi kilo 48. Hesabu hii ndiyo inayoamua kama biashara itaishi, na ndiyo isiyokuwamo kwenye ripoti. Humo utasoma ladha ilipewa alama ngapi na watu 30 waliokaa mezani.

Tena kuna jambo ambalo chuo chenye idara ya kilimo na ya uhandisi chini ya paa moja kingelimaliza msimu mmoja. Mkulima anayeuza kwa tenga hulipwa kwa ukubwa na ugumu wa nyanya, kwa hiyo humwagilia mpaka siku ya kuchuma. Nyanya hiyo ina Brix 4. Akisimamisha maji wiki 1 au 2 kabla ya kuchuma, tenga linapungua uzito lakini Brix inapanda. Kutoka 4 kwenda 30, kilo 100 zinatoa kilo 13 tu. Kutoka 5 ni karibu 17. Ni bei gani kwa tenga itamfanya mkulima akubali kufunga maji mapema, naye msindikaji abaki na faida baada ya kuni? Swali hilo lina majibu ya namba. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kulijibu Ilula akiwa na rifraktomita na mizani. Na hapo Sao Hill na Mafinga, mabanzi na maranda yanarundikwa kando ya viwanda vya mbao. Jiko la kuyachoma kwa usafi chini ya sinia la nyanya, bila moshi wa utomvu kuingia kwenye sosi, lina nafasi ya tasnifu tatu.

Viazi tutavipitia haraka. Kripsi nyeusi zinazotoka Makete na Umalila baada ya miezi ya baridi hazitokani na mafuta mabaya kama inavyosemwa. Kiazi kilichokaa chini ya nyuzi 7 au 8 hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huungua kwenye mafuta. Vihamishwe mahali pa nyuzi 15 hadi 20 kwa wiki 2 au 3, kisha vikaangwe vichache kwa majaribio. Na kuchagua vya kripsi kunahitaji ndoo tu: yeyusha gramu 125 za chumvi katika kila lita 1 ya maji, tumbukiza viazi, vinavyozama vina wanga wa kutosha, vinavyoelea viuzwe vya kupikwa.

Vikaushio vya jua navyo. Kila Agosti 8 tunaviona viwanja vya Nanenane, vimepakwa rangi mpya, wakati hewa ni kavu na jua halina wingu. Hapo hata bati lililoinamishwa lingekausha ndizi. Vipelekwe Rungwe mwezi wa Aprili, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Kipande cha ndizi chenye unene wa milimita 5 kisichofikishwa nyuzi 55 hadi 60 siku ya kwanza huchacha kabla hakijakauka. Kikizidishwa moto mwanzoni, kinakauka ngozi na kubaki kibichi ndani, kisha kinaota ukungu ndani ya mfuko. Kikaushio cha Rungwe lazima kiwe na tanuri dogo la akiba. Asiyekubali aende Aprili.

Ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, hatuusemi sana, ingawa unastahili. Anayeweza kuufunga kwenye chupa ukiwa bado mtogwa (mtamu), usigeuke mkangafu (mkali) wala kulipua chupa njiani kuelekea Dodoma, atakuwa amefungua kiwanda. Hamira yake ya asili haijui kwamba imewekewa lebo.

Sasa tunachoomba kifanyike.

Kwanza, kila ripoti ya usindikaji iwe na karatasi moja ya mbele yenye mambo haya: mwinuko wa mahali, maji yalichemka kwa nyuzi ngapi siku hiyo, ujazo wa mpiko, aina ya nishati na kilo zake, muda kuanzia kuosha mpaka kufunga, kilichopotea kwa maganda, mbegu na kushika chini, chupa na vifuniko vilinunuliwa wapi. Ripoti isiyo na karatasi hiyo isipokelewe na mfadhili wa ndani. Haiongezi gharama, inaongeza kujua.

Pili, kila chuo chenye idara ya chakula au uhandisi katika mikoa yetu kifungue karakana yake kwa wasindikaji siku moja ya wiki, siku ile ile mwaka mzima, ili mtu wa Igurusi au Ilula ajue bila kupiga simu. Ndani kuwe na masinia mawili ya lita 50, jiko la kuni lililopimwa, rifraktomita, mizani na kipima pH. Tunatahadharisha kuhusu hicho cha mwisho, maana hufa mapema kuliko vyote. Elektrodi yake ya kioo ikiachwa ikauke, au ikihifadhiwa kwenye maji yaliyokenekwa, inaanza kusoma uongo kimya kimya. Ihifadhiwe kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu, isawazishwe kila siku ya kazi kwa bafa (vimiminika vya kusawazishia ambavyo pH yake inajulikana) za pH 4 na pH 7, na bajeti iweke elektrodi mpya kila mwaka mmoja au miwili. Manunuzi yetu hununua mashine na kusahau bafa. Kipima pH bila bafa ni pambo la mezani.

Tatu, na hapa tunajua tunagusa pagumu, mhadhiri apewe alama za kupanda cheo kwa kanuni iliyorudiwa na kufanya kazi kwa wasindikaji, sawa na anavyopewa kwa makala katika jarida. Leo anayekaa miezi 3 Kilolo akirekebisha jiko la sosi anarudi chuoni akiwa nyuma ya mwenzake aliyekaa ofisini akiandika. Hatumlaumu aliyekaa ofisini. Kanuni ndizo zilizomkalisha. Ushahidi wa kupima kazi hiyo si mgumu: daftari la mipiko 10 mfululizo ya msindikaji, yenye Brix, pH, joto ndani ya chupa na idadi ya chupa zilizorudishwa na wateja, likakaguliwa na mtu wa nje ya chuo.

Nne, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Vyuo viketi nalo na kukubaliana ni vipimo gani vya karakana ya chuo vinaweza kumsaidia msindikaji kujisahihisha kabla hajapeleka sampuli rasmi. Havitachukua nafasi ya vipimo rasmi, bali vitampunguzia kulipia sampuli ya kundi ambalo rifraktomita ingelikataa kwa dakika 2.

Kwa kuanzia, wiki hii, kila maabara ya chakula kuanzia Mbozi mpaka Iringa ichemshe maji, isome kipimajoto na kuibandika namba hiyo ukutani, karibu na mlango, na nakala ipelekwe kwa Mkuu wa Mkoa. Kijitabu chochote cha usindikaji kitakachochapwa tena kiwe na jedwali la namba hizo ukurasa wa kwanza. Tuko tayari kulipitia jedwali kabla halijaenda kiwandani, bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wataalamu wa usindikaji wa chakula
Nyanda za Juu Kusini